Cyprus Iliyogawanyika: Muislamu Aingie kwa Mlango Upi?

Cyprus imegawanyika tangu 1974. Upande wa kaskazini ulijitangazia uhuru mwaka 1983, na ni Uturuki pekee inayoutambua. Ndugu Muislamu unayetaka kuuona msikiti wa Hala Sultan, lilipo kaburi la Swahaba Ummu Haram (radhi za Allah ziwe juu yake), fahamu kuwa uko kusini, karibu na Larnaca. Ukitua uwanja wa Ercan, kaskazini, serikali ya Cyprus hukuhesabu umeingia kinyume cha sheria, na waweza kuzuiwa kuvuka. Kutembelea kaskazini si kuunga mkono upande wowote. Lakini viza ni ahadi, nasi tumeamrishwa kutimiza ahadi. Ingia kwa Larnaca, kisha uvuke kwenye vituo vilivyofunguliwa tangu 2003. Wallahu a'lam.