Ujumbe Uliofunguliwa Si Ujumbe Uliojibiwa



Vikundi vingi vya vijana katika parokia zetu vina sasa anwani moja ya barua pepe inayotumiwa na watu kadhaa. Rais wa kikundi ana neno la siri, katibu analo, mtunza hazina analo, na mara nyingine mlezi naye analo. Jambo hilo ni jema, kwa maana kazi ya Kanisa haipaswi kufungiwa katika simu ya mtu mmoja. Lakini sanduku la pamoja limekuja na maradhi yake: ujumbe unaonwa na wengi, na haujibiwi na yeyote. Maoni yetu ni haya: katika sanduku la pamoja, anayefungua ujumbe amekwisha kupokea jukumu, wala hana ruhusa ya kuufunga na kuondoka kimya.

Tuanze kwa kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda. Ujumbe mpya huonekana kwa herufi nzito; ukishafunguliwa, herufi hupoteza uzito wake. Watu 4 wanapoingia kwa anwani moja na neno la siri moja, alama hiyo ni moja kwa wote, kwa sababu hutunzwa kwenye seva, si katika simu ya kila mmoja. Rais akifungua ujumbe akiwa safarini, katibu atakayeingia jioni ataukuta umekwisha kusomwa, naye atadhani umeshughulikiwa. Rais kwa upande wake alidhani katibu atajibu, kwa kuwa kuandika ni kazi ya katibu. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hata hivyo aliyeandika amebaki bila jibu.

Iko pia mifumo ambamo kila mtumiaji huwa na alama zake mwenyewe. Humo hatari hugeuka: katibu amekwisha kujibu, lakini kwa rais ujumbe bado unaonekana mpya, naye anajibu mara ya pili, pengine kinyume cha jibu la kwanza. Tena ziko kompyuta zilizopangwa kupakua ujumbe na kuufuta kwenye seva. Wengine hawatauona kamwe. Kwa hiyo kila kamati ifanye jaribio dogo: mmoja afungue ujumbe, mwingine atazame kwenye simu yake kilichobadilika. Ni kazi ya dakika 5, nayo itawajulisha ninyi mnatumia sanduku la namna gani.

Je, jambo hili lina uzito gani mbele ya Mungu? Tufikirie kijana mmoja kati ya wengi waliotawanywa na vita au waliohama kutafuta kazi. Amefika Lubumbashi, amepata mchumba, anataka kufunga ndoa takatifu. Padri anayemwandaa anamwomba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni. Ombi hilo lina sababu: Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 535, inaagiza kwamba kipaimara na ndoa ya mbatizwa viandikwe pia katika daftari la ubatizo, na hivyo cheti kipya huonyesha kama mtu yuko huru kufunga ndoa. Kijana huyo hana anwani ya ofisi ya parokia yake ya nyumbani; anaikumbuka ile ya kikundi cha vijana alimokulia. Anaandika. Ujumbe unafunguliwa siku hiyohiyo, kisha unalala. Juma la kwanza linapita, na la pili, na tarehe ya arusi inasogezwa. Yeye hajui habari za seva na alama zake. Anajua tu kwamba ameliandikia Kanisa lake, na Kanisa halikumjibu.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia habari za mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Tumezoea kulaumu kuhani na Mlawi kana kwamba hawakuwa na macho. Lakini Injili inasema waziwazi kwamba walimwona. Wote 3 walimwona, hata Msamaria. Kuona peke yake hakukumponya mtu yeyote. Tena tutazame mwisho wa habari ile, ambao mara nyingi tunaupita haraka. Msamaria alikuwa na safari yake, naye hakuweza kubaki siku zote kando ya mgonjwa. Alifanya nini? Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha dinari 2, akaahidi kulipa atakaporudi. Aliondoka, lakini hakumwacha mgonjwa bila mtu wa kumwangalia, na mtu huyo alijua kwamba mgonjwa amekabidhiwa kwake. Huo ndio mfano wetu. Hatudai kwamba kila afunguaye ujumbe aumalize yeye mwenyewe. Tunadai kwamba asiuache kabla ya kuwa na mwenyewe.

Wazee wetu katika ofisi za parokia na za shule walilijua jambo hili. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kutunza daftari la barua: kila barua inayoingia hupewa namba, huandikwa tarehe, jina la mwandishi, jambo lenyewe, mtu atakayejibu, na tarehe ya jibu. Nafasi ya mwisho ikiwa tupu, aibu ilionekana kwa kila aliyefunua ukurasa. Barua pepe imetuletea haraka, na katika haraka hiyo tumeliacha daftari, tukaziachia herufi nzito kazi ambayo haziwezi kuifanya. Herufi nzito zinasema tu kwamba jicho fulani limepita au halijapita. Hazisemi nani anajibu, wala lini.

Kwa hiyo tunapendekeza taratibu chache. Kwanza, iwepo zamu: kuanzia Dominika hadi Dominika, mtu mmoja anayejulikana ndiye afunguaye ujumbe mpya. Pili, kila anayefungua, hata kama si zamu yake, achague moja kati ya mambo 3: ajibu; au amtaje kwa jina atakayejibu na kumwarifu; au aurudishe ujumbe katika hali ya kutosomwa. Njia hii ya tatu itumike kwa siku ileile tu, maana ujumbe unaorudishwa kila siku ni mzigo unaosukumwa kutoka bega hadi bega. Tatu, daftari lirudi mezani. Daftari la kawaida la shule linatosha. Nne, kila kikao cha kamati, baada ya sala, kianze kwa kusoma mistari ambayo bado haina tarehe ya jibu.

Tuongeze neno juu ya wingi. Sanduku lenye mamia ya ujumbe usiosomwa halimwonyi mtu tena. Jicho huizoea ile namba kama linavyozoea ufa wa ukutani. Mara nyingi sehemu kubwa ya namba hiyo ni matangazo ya biashara na taarifa za mitandao. Yatengewe folda yao, yaende huko yenyewe kwa kichujio, ili katika folda kuu zibaki barua za watu. Tena mara moja kwa juma ifunguliwe folda ya barua taka, kwa maana barua ya mtu anayeandika kwa mara ya kwanza inaweza kutupwa humo kwa makosa.

Wengine watasema: kwa nini tusiweke alama kwamba ujumbe wote umesomwa, tukaanza upya? Kufanya hivyo ni kufagia takataka chini ya mkeka. Nyumba itapendeza, na barua ya yule bwana arusi itakuwa imezikwa. Wengine watasema: afadhali neno la siri liwe la mtu mmoja. Ni kweli kwamba manahodha wengi huipeleka mrama merikebu. Lakini nahodha mmoja akiugua, akisafiri au akikasirika, kikundi chote kitanyamaza pamoja naye. Dawa ya uongozi uliotawanyika ni zamu, si umiliki. Na wengine watalalamika kwamba sisi ni watu wa kujitolea, umeme hukatika, na intaneti ni ghali. Hayo yote tunayajua. Lakini mstari mmoja wa kusema kwamba tumepokea na tutajibu baada ya Dominika hautumii intaneti nyingi, nao humwondolea mtu wasiwasi wa juma zima. Ila ahadi ni deni: anayeuandika mstari huo aandike pia jina lake katika daftari.

Tena, sanduku la pamoja lisigeuke kuwa uwanja wa umbea. Mtu akiandika habari za ugonjwa wake, za ndoa yake au za dhuluma aliyotendewa, ujumbe wake usinakiliwe katika kundi la simu la vijana wote. Apewe paroko au mlezi peke yake, na katika daftari iandikwe tu kwamba umekabidhiwa. Na kamati inapobadilika, neno la siri libadilishwe siku ileile ya makabidhiano.

Kijana asiseme kwamba haya ni mambo madogo ya ofisi, yasiyohusu utakatifu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Sisi hatuombwi damu yetu. Lakini yeye alijua kwamba nyuma ya karatasi za kazi yake kuna watu watakaokula. Nyuma ya kila mstari katika sanduku letu yuko mtu pia, naye anangoja.

Juma hili basi, kabla ya kikao chenu kijacho, kamati ikae pamoja mbele ya sanduku lake. Msitazame zile herufi nzito tu. Rudini nyuma katika ujumbe uliokwisha kufunguliwa, mtafute wale wasiojibiwa. Andikeni majina yao katika daftari, na mbele ya kila jina andikeni jina la mmoja wenu. Kisha jibuni, hata kama mmechelewa.