Mate Yako Yanajua Unavyohangaika

Tuseme unaishi Lindi, kule Kibera. Mwenye nyumba anadai kodi, mtoto amekohoa usiku kucha, na alfajiri unashika njia kwa miguu hadi Eneo la Viwandani kutafuta kibarua. Ukiulizwa habari utajibu, "Nzuri tu." Mdomo una adabu zake. Lakini mate yaliyo ndani ya mdomo huo huo huenda yakasema mengine.

Ukipatwa na hofu au mahangaiko, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo kotisoli. Hiyo huongeza sukari katika damu ili upate nguvu za kukabili jambo. Ni msaada mwema, mradi usiwe wa kila siku. Sehemu yake hupenya hadi kwenye mate, kwa hivyo mpimaji hahitaji sindano. Utapewa kipande cha pamba, ukitafune dakika moja au mbili, kisha kipelekwe maabara.

Kazi hiyo ina masharti. Kotisoli hupanda kwa nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha hushuka polepole hadi usiku wa manane. Mate ya saa moja asubuhi hayalinganishwi na ya saa kumi jioni. Chai, sigara na kazi ya sulubu huvuruga hesabu, na miraa pia (wapenzi wa veve, mnisamehe). Wala kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu fulani ana dhiki. Watafiti hupima watu wengi, wakawalinganisha.

Nairobi walifanya hivyo. Mafundi wa jua kali karibu 800 waligawanywa: wengine walilipiwa bima ya afya, wengine wakapewa pesa taslimu za thamani hiyo hiyo, wengine hawakupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Waliopata bima hawakuwa na afya bora kuliko wenzao, lakini kotisoli yao ilishuka. Ya waliopewa pesa haikushuka. Nami ningeapa kuwa pesa ndiyo dawa! Nadhani kilichokuwa kikiwala ni ugonjwa ambao haujafika bado.

Rudi sasa Lindi, saa sita za usiku. Hiyo ndiyo saa ambayo kotisoli yapasa kuwa chini kabisa. Mtoto anakohoa tena, nawe uko macho, unahesabu shilingi za daktari.