Gari za umeme kisiwani: tutachaji kwa umeme wa nani?



Kijana mmoja aliniuliza baada ya sala ya Alasiri: "Sheikh, inajuzu kuchaji pikipiki yangu ya umeme msikitini?" Nilimjibu, na jibu nitalileta mwishoni. Lakini suali lake lina jambo kubwa nyuma yake, linalotuhusu sote Unguja na Pemba.

Waliokuwa watu wazima mwaka 2008 hawahitaji kusimuliwa. Mwezi wa Mei njia ya umeme inayotoka bara kupitia chini ya bahari iliharibika, na Unguja ikakaa kizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikaharibika tena, na safari hii kiza kilidumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo, wenye biashara ndogo ndogo wakafunga milango. Hata hivyo gari zilitembea. Mgonjwa alifikishwa Mnazi Mmoja, kwa sababu petroli haikuwa ikipita kwenye waya ule.

Hapo ndipo penye mazingatio. Tangu mwaka 2013 Unguja ina waya mkubwa zaidi, wa megawati 100, na Pemba inapata umeme kutoka Tanga tangu 2010. Alhamdulillahi, hiyo ni neema. Lakini bado tunategemea kinachovuka bahari. Tukizigeuza daladala, bajaji na gari za wagonjwa kuwa za umeme bila ya kuzalisha wetu wenyewe, siku waya utakapopata hitilafu, maji na usafiri vitasimama pamoja.

Sizipingi gari hizi. Hazitoi moshi wala kelele, na petroli nayo tunaiagiza kwa fedha za kigeni. Ninachosema ni kwamba jua tunalo, basi tulitumie. Tufanye hesabu. Gari ndogo ya umeme huenda takriban kilomita 6 kwa yuniti moja. Kutoka Mjini hadi Nungwi na kurudi ni kiasi cha yuniti 20. Paneli za sola za kilowati 1 hutoa yuniti 4 hadi 5 kwa siku yenye jua zuri, kwa hivyo paneli za kilowati 5 zinatosha safari hiyo kila siku. Siku za masika zitapungua, na hapo ndipo waya wa bara utusaidie.

La pili ni wakati wa kuchaji. Kila mtu akichomeka gari baina ya Magharibi na Isha, wakati majumba na mahoteli yamewasha kila kitu, tunauzidishia mzigo waya ule ule. Mchana gari nyingi zimeegeshwa maofisini, skuli na misikitini. Mapaa ya majengo hayo yako wazi juani. Mwenye uwezo na aweke paneli hapo ziwe wakfu, iwe sadaka yenye kuendelea.

Sasa jibu la kijana. Umeme wa msikiti umelipiwa kwa michango ya waumini kwa ajili ya ibada: taa, feni, maji ya udhu. Kuuchukua kwa chombo chako bila ya ruhusa hakujuzu, hata ukiwa ni yuniti mbili tu, kwani mali ya wakfu hutumika kwa lile lililokusudiwa. Ikiwa msikiti una paneli na umeme unabaki, wasimamizi wanaweza kuweka malipo yanayojulikana, pato likarudi msikitini, baada ya kushauriana na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Aliyekwisha kuchaji bila ya ruhusa na akadirie thamani yake, ailipe, na aombe maghufira.

Na viongozi wetu tunawanasihi: kabla ya kuzikaribisha gari, tuandaeni umeme wake.

Wallahu aalam.