Mahagi: mise en valeur si simenti peke yake



Kila Jumamosi asubuhi tunaitwa kwa salongo. Tunashika majembe na karai, tunatoa udongo katika mifereji ya barabara, tunaurundika pembeni, na mvua ya Jumatatu inaurudisha mule mule. Wiki ijayo, tena. Mwenye hakuja, amande. Tuko na swali moja tu kwa wakubwa: ule udongo unatoka wapi?

Unatoka katika parsele. Mahagi iko juu ya milima, maji hapa hayakai, yanashuka. Mtu akipata parsele, kazi ya kwanza ni kukata miti yote, kung'oa mashina, kukwangua majani mpaka udongo unabaki uchi. Kisha anapandisha nyumba ya mabati bila kitu cha kupokea maji. Mvua ikinyesha, maji ya bati yote yanaanguka mahali pamoja, yanakuta udongo hauna mizizi ya kuushika, yanashuka nao kwa jirani wa chini, halafu barabarani. Huyo jirani wa chini mara nyingi ni mpangaji, kijana kama sisi, anaamka na matope mlangoni na kodi yake haipunguzwi hata franka moja. Shimo linaanza dogo kama njia ya mbuzi. Linakuwa bonde. Hapo ndipo tunaanza kulia mashirika yatuletee mifuko ya mchanga.

Na biro inafanya nini? Inabariki. Hapa ndipo hasira yetu iko. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kwanza unapewa kontra ya kupanga, unafanya mise en valeur, halafu ndiyo unaenda kutafuta cheti. Kwa shamba, kupanda ni kazi inayohesabiwa. Lakini mjini, ajenti akifika kwenye parsele anatazama nini? Matofari. Ukuta uko? Bati liko? Basi, imekwisha. Ule mwembe wa siku nyingi uliokuwa unawapa watoto kivuli ulikatwa kama kichaka, ukaenda kuchoma matofari yale yale. Valeur maana yake ni thamani. Ni thamani gani hiyo inaanza kwa kuharibu?

Tunajua mtatuambia: «Parsele ni yangu, nilinunua na pesa yangu, ninyi vijana mnajiingiza wapi?» Mzee, tunakuheshimu. Lakini fungua sheria ile ile, artikle ya 53: udongo ni mali ya Serikali peke yake. Wewe uko na haki ya kuutumia. Halafu fungua Katiba ya 2006, tena artikle ya 53 (hata namba zimepatana!): kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Maji ya bati lako yakiingia kwangu, yamekuwa mambo yetu wawili.

Tunadai hivi: ruhusa ya kujenga isitoke kama miti haijachorwa kwenye plani ya parsele, na cheti kisitoke kabla ajenti hajaona kwa macho kama ile miti imeshika. Hatuombi pori. Parsele ndogo inaweza kubeba avoka mbili nyuma ya nyumba, na upande wa mtelemko lupango ya miti mifupi iliyobanana, pahali pa ukuta wa bloku, na majani yaachwe chini yake. Mwenye nafasi aongeze grevillea. Kalitusi hapana, hasa karibu na chemchemi, juu inakunywa maji sana. Tunaipenda kwa nguzo na kwa kuni, lakini nafasi yake ni huko mlimani.

Sasa, tunaijua nchi yetu. Amri ikitoka leo, kesho kuna mtu mlangoni na karatasi isiyo na muhuri: «Miti yako haitoshi, fanya kitu.» Juu ya hiyo tunakataa amande ya pesa katika jambo hili. Mwenye hana miti adhabu yake iwe kupanda, na miche apewe. Mama anayeuza nyanya hawezi kunyang'anywa makuta yake eti juu ya mazingira, wakati majumba makubwa yenye ua wa simenti tupu hayaguswi. Waanze na hayo majumba. Waanze na ua za biro zao wenyewe!

Wasituambie tena kwamba hakuna njia. Tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège, Gavana ni mwanajeshi, kazi za Bunge la jimbo zilisimamishwa: akitaka kuandika amri hahitaji kungoja kura ya mtu. Wataalamu wa kilimo wako Nioka, kwenye stesheni ya INERA, ndani ya teritware yetu hii hii. Na Serikali ya Rais Tshisekedi ilituahidi miti milyari 1 kufikia 2023, kupitia bustani za shule. 2023 imepita. Mwenye yuko na hesabu ya ile ya Mahagi aibandike kwenye mlango wa teritware, shule kwa shule, tuende kuihesabu sisi wenyewe.

Barua yetu inaenda teritware na kwa kadastre. Tunataka jibu la maandishi, lenye tarehe na muhuri.