Pembe Isiyotajwa

Wapo wakusanyaji wa bastola za kale wanaoshikilia kwamba chombo kilichokwisha kutiwa nakshi na kulazwa ndani ya kasha la fahari si silaha tena, bali ni sanaa tupu. Kauli hiyo inawafaa sana wauzaji. Mwezi wa Mei 2022, huko Marekani, jozi ya bastola za Remington aliyotunukiwa Jenerali Ulysses Grant iliuzwa mnadani kwa dola milioni 5.17. Chuma chake kimejaa michoro ya majani yaliyojisokota, na mipini yake ni ya pembe za ndovu, imechongwa sura ya jenerali mwenyewe.

Kazi ni nzuri, na asiyeuona uzuri huo ana lake. Lakini yatazamwe mazungumzo ya watu hawa. Huhangaikia mkono wa mchoraji, kama ni wa L. D. Nimschke wa New York au wa Gustave Young wa Hartford. Hubishana juu ya mti wa kasha na rangi ya mahameli. Hupima hata mkwaruzo. Ikifika zamu ya mpini, neno moja huwatosha: pembe. Kana kwamba imeota dukani.

Hakuna awezaye kuapa kwamba mpini fulani ulitoka kwa ndovu fulani, wala haihitajiki. Inajulikana kwamba katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem walikuwa na mawakala wao Unguja, na pembe ilikuwa miongoni mwa bidhaa walizozifuata. Katika jimbo la Connecticut, lile lile alimojenga Samuel Colt kiwanda chake cha Hartford, kuna Deep River na Ivoryton, miji iliyopata riziki yake kwa kuzikata pembe za Unguja ziwe vitana na vibonyezo vya piano. Na pembe hizo zilishuka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa. Mchoraji ana jina katika orodha ya mnada. Mpagazi hana hata mstari.

(Wala watu wa pwani wasijitie usafi. Majambia ya mipini ya kifaru husifiwa kwa ulimi huo huo, na kifaru haulizwi.)

Watetezi watasema kwamba umri umekwisha kuitakasa mali. Sheria nayo imewapa mlango: Marekani ilipoifunga karibu biashara yote ya pembe za ndovu mwaka 2016, iliviacha vitu vya kale vilivyopita miaka 100. Sheria imeruhusu kuuza. Haikuamuru kunyamaza.

Mwaka 1840 Sayyid Said aliipeleka merikebu yake, Sultana, hadi New York, Ahmad bin Na'aman akiwa mjumbe wake. Katika shehena yake mlikuwamo pembe za ndovu. Iliporejea Unguja ilibeba zawadi za serikali ya Marekani, na miongoni mwake bunduki na bastola za Colt. Anayeweza kuutambua mkono wa mchoraji kwa mkunjo mmoja wa jani anaweza pia kuandika, chini ya jina la mchoraji huyo, njia iliyopitiwa na pembe. Wino wa maneno mawili, Unguja na Bagamoyo, hautaipunguza bei kwa dola moja.