Udaktari wa miezi 18: nani anatuingiza mjini?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kisarawe. Sikwenda kikazi. Nilikwenda kuomba radhi.

Niliyekwenda kumwomba radhi ni mwalimu wangu wa sekondari, aliyenifundisha hesabu za biashara. Jina lake silitaji, maana aibu hii si yake peke yake. Ni yangu pia, na ukinivumilia mpaka mwisho utaona kwamba ni yetu sote.

Habari yenyewe ilianzia Kibaha. Mwaka juzi nilitumwa kuandika habari za semina ya wajasiriamali pale Maili Moja. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara, na mshereheshaji alimwita "Daktari" kila alipomtaja. Mheshimiwa akatusimulia jinsi alivyopata shahada ya uzamivu ya utawala wa biashara kutoka chuo cha ng'ambo, kwa masafa, ndani ya miezi 18, bila kufunga duka hata siku moja. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, nikarudi ofisini nikaandika. Katika habari ya aya tisa niliandika "Dk." mara sita. Jina la chuo sikuuliza.

Mwalimu wangu akaisoma habari ile. Alikuwa na Masters yake halali na ndoto ya kufundisha chuo kikuu baada ya kustaafu. Akamtafuta yule mheshimiwa, akaunganishwa na wakala, akauza ekari mbili za mikorosho, akalipa dola 3,500 kwa awamu tatu. Akaandika tasnifu ya kurasa 40 na kuituma kwa barua pepe. Baada ya siku tisa akajibiwa: hongera, umefaulu. Siku tisa! Hakuna hata koma iliyorekebishwa. Cheti kikaja na muhuri wa dhahabu unaong'aa kama karatasi ya pipi.

Alipokipeleka kwenye chuo kimoja kuomba vipindi, akaulizwa swali moja: umekipeleka TCU kikatambuliwa? Alipofuatilia akagundua kwamba hata nchini kinakodai kutoka, hicho chuo hakijulikani. Kuna tovuti tu, na picha za majengo ya watu wengine.

Wabongo hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Lugha yetu yenyewe ina neno la mambo haya: kihiyo. Vijana wanalitumia bila kujua lilikotoka. Lilitoka kwenye jina la mbunge wa Temeke aliyechaguliwa mwaka 1995, kiti chake kikabaki wazi baada ya mzozo wa sifa zake za elimu, na Augustine Mrema akakinyakua katika uchaguzi mdogo wa 1996. Taifa lililogeuza jina la mtu kuwa neno la kamusi ya mitaani bado linaingizwa mjini kwa mtindo ule ule!

Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki pale Dodoma, tukaambiwa watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi. Watu wakapoteza kazi. Lakini uhakiki ule ulikuwa wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Yaani mhudumu wa zahanati na dereva walibanwa kwa cheti cha Form Four, wakati mwenye udaktari wa kununua hakuguswa, mradi cheti cha kidato cha nne alikuwa nacho.

Na biashara yenyewe ni kubwa. Mei 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule ambavyo havipo. Januari 2018 BBC wakaripoti kwamba vyeti zaidi ya 3,000 vya Axact viliuzwa kwa watu wa Uingereza katika miaka ya 2013 na 2014 peke yake. Kwa hiyo tusijidharau sana. Hata Wazungu wanaingizwa mjini.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Nikisimulia kisa cha mwalimu, wanarukia kusema: "Si tulisema, elimu ya masafa ni usanii!" Hapana jamani. Huo ni uvivu wa kufikiri.

Chuo Kikuu cha London kilianza kutoa shahada kwa wanafunzi wa mbali mwaka 1858. UNISA ya Afrika Kusini imekuwa chuo cha masafa tangu 1946, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Nani atamwambia Mandela kwamba shahada yake ni feki kwa sababu hakukaa kwenye dawati? Hapa kwetu sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992 na masomo yakaanza 1994. Kina kituo cha mkoa wa Pwani hapo hapo Kibaha, mji ule ule nilikompigia makofi daktari wa miezi 18.

Nao ndio unafiki wetu. Mtu anakibeza Chuo Kikuu Huria, eti "cha watu wazima waliokosa nafasi", halafu anatuma dola kwa chuo kisicho na hata mlango. Huria hawamtaki kwa sababu wanaandikishwa na kukatwa alama. Ng'ambo anakutaka kwa sababu neno ng'ambo lina utamu wake.

Umbali wa elimu ya masafa ni wa barabara, si wa kazi. Unapunguziwa nauli na kodi ya chumba. Hupunguziwi kusoma, kukusanya data, kukosolewa, kuandika upya na kusimama mbele ya watu wanaojua kuliko wewe. Anayekupunguzia na hayo hakuuzii elimu. Anakuuzia fremu ya ukutani.

Na si kwamba kukaa darasani ni kinga. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Kenya, kilitoa PhD 118 katika mahafali moja, nyingi zikiwa za fani za biashara na utawala, mpaka tume ya vyuo vikuu ya nchi hiyo ikaingilia kuchunguza. Kwa nini biashara? Kwa sababu ndiko waliko wateja. Meneja anataka cheo, mwanasiasa anataka heshima, mfanyabiashara anataka kuitwa. Hakuna anayenunua PhD ya hisabati ili aitwe mgeni rasmi.

Basi kama wewe ni mfanyakazi, una familia, uko Mlandizi au Maneromango na kweli unataka udaktari wa biashara kwa masafa, usianze na ada. Anza na kuuliza.

Swali la kwanza: nani anakitambua? Usiamini maneno ya chuo chenyewe kwamba "kina ithibati ya kimataifa", maana matapeli wanajitungia hata mashirika ya ithibati. Kama ni cha Marekani, angalia orodha ya Wizara ya Elimu ya huko au ya CHEA. Kisha nenda TCU kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Kila nchi ina kanuni zake. India, kwa mfano, kanuni za UGC za mwaka 2016 na zile za 2022 zinakataza kabisa PhD ya masafa. Kwa hiyo ukiletewa PhD ya masafa ya India, huna haja ya kuuliza bei.

Swali la pili: nani atakusimamia? Taka jina lake, idara yake na maandiko yake. Asome pendekezo lako la utafiti kabla hujapokelewa.

Swali la tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: nani atakutahini? Udaktari wa kweli kwa kawaida una mtahini wa nje na siku ya kuitetea tasnifu. Hata ukiitetea kwa video, kuna jopo, na jopo lina uwezo wa kukukatalia. Chuo ambacho hakijawahi kumfelisha mtu hakijawahi kumfaulisha mtu.

Swali la nne: tasnifu za waliokutangulia ziko wapi? Chuo Kikuu Huria kinaziweka mtandaoni, mtu yeyote anasoma. Chuo kinachoficha kazi za madaktari wake kina sababu.

Swali la mwisho jiulize mwenyewe: unautaka wa nini? Kama unataka kufundisha na kutafiti, PhD ndiyo njia. Kama unataka kuchimba tatizo la kazini kwako, kuna DBA. Kama unataka duka likue, tafuta mhasibu mwaminifu. Ni rahisi zaidi.

Na ukiambiwa kuna punguzo ukilipa kabla ya Ijumaa, kimbia. Hiyo ni lugha ya mitumba ya Karume, na hata Karume wanakuruhusu kujaribu suruali kwanza.

Najua nitajibiwa: "Wewe mwenyewe una digrii moja, PhD unaijulia wapi?" Ni kweli, nina moja. Lakini huhitaji kuwa fundi cherehani kuona kwamba nguo imechanika. Wengine watasema vyuo vyetu vinachelewesha watu, msimamizi anakalia sura moja mpaka mwaka unaisha. Hilo nalo ni kweli, na linastahili kelele zake. Lakini foleni ikiwa ndefu hospitali, dawa yake si kununua vidonge vya chaki barabarani.

Lawama kubwa nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ni ya sisi waandishi. Tapeli hana haja ya kulipia tangazo kama gazeti litamwandika "Dk." mara sita bure. Swali la "ulisoma wapi?" lingenichukua sekunde tatu. Sikuliuliza kwa sababu alikuwa mgeni rasmi, amevaa suti, na mimi nilikuwa nawahi gari la kurudi Dar.

Mwalimu hakunifokea. Alinikaribisha chini ya mkorosho uliobaki, akaleta muhogo na chai, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilidhani gazeti limeshauliza."

Sikuwa na la kujibu.

Ana mpango wa kuanza upya, safari hii Kibaha, kwenye kituo cha Huria. Anataka kutafiti jinsi mkulima mdogo wa korosho wa Kisarawe anavyolipwa chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza msimu wa 2007/2008. Ni swali zuri, na ni lile lile la kwenye zile kurasa 40. Tofauti ni kwamba sasa kuna mtu atakayelisoma.

Mimi nimejiwekea sharti. "Dk." haitatoka tena kwenye kalamu yangu kabla sijauliza ni wa chuo gani, mwaka gani, na tasnifu yake ilihusu nini. Atakayekasirika atakuwa amejibu.

Nawasilisha.