Imeli: nani anashika ufunguo?

Wazee wa Bunia na Mongbwalu wanakumbuka foni: mtu alisema bei ya zahabu ao ugonjwa wa mama yake, na kila mwenye redio alisikia. Imeli inaonekana kuwa siri, lakini kampuni nyingi zina uwezo wa kuisoma. Google ilipekua barua za Gmail kwa ajili ya matangazo mpaka 2017.

Proton Mail, iliyoanza Geneva 2014, na Tuta ya Ujerumani zinafunga barua hata wenyewe hawawezi kuisoma. Kuanza hulipi kitu. Lakini ukimwandikia mtu wa Gmail, kule kwake iko wazi. Na Proton haifungi kichwa cha barua, basi usiandike pale “gramu 40”! Mwaka 2021, kwa amri ya Uswisi, Proton ilitoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Maandishi ya barua hayakutolewa.

Mimi naogopa zaidi yule kijana wa nyumba ya intaneti: “Mama, nakusaidia tu,” kumbe neno la siri linabaki katika daftari yake. Liandike mwenyewe. Ukilisahau, barua za zamani zinaweza kubaki zimefungwa kama huna maneno 12 ya akiba ambayo Proton inakupa. Uyaweke pamoja na vyeti vya ubatizo.